Koleo Hafungui Mdomo

Jumapili, tarehe 4 Mei

Mke wangu kaondoka asubuhi kwenda kwenye mafunzo ya kazi. Siku sita. Ameacha maagizo ukurasa mzima na nusu, kayabandika kwenye friji. Nimesoma mstari wa kwanza. Unasema nisome yote.

Jambo kubwa ni meno ya mapacha. Wana miaka mitatu na wanafanana kama shilingi kwa ya pili, hata mimi baba yao naenda kwa utepe wa kichwani: mwekundu wa Koleo, wa buluu wa Shwari. Majina ya kwenye kadi ni mengine, lakini hapa nyumbani kila mtu anaitwa kwa matendo yake. Shwari ukimwambia fungua mdomo anafungua, hana neno. Koleo huuma. Mwezi uliopita, mimi na mama yao tulipowapeleka, alimuuma nesi wa meno kidole mpaka nesi akamtaja mama yake mzazi.

Kabla ya kuumwa, nesi alikuwa ameshaona madoa meupe kwenye meno ya juu ya Koleo, karibu na ufizi. Alimwambia mke wangu huo ndio mwanzo wa kuoza. Jino halijatoboka bado, na linaweza kuokolewa. Dawa yake ni vanishi ya floraidi, inapakwa kwenye meno kwa kiburashi kidogo. Wapakwe wote wawili, lakini Koleo hasa. Nesi atakuwa kwenye zahanati ya mtaa kuanzia kesho hadi Ijumaa, na akiondoka harudi mpaka miezi mitatu ipite. Mke wangu alinishika bega mlangoni akasema kwa madoa yale miezi mitatu ni mingi. Nikiona nashindwa, nimwachie dada yake.

Nimemwambia ni kazi ya dakika kumi.

Dada yake kafika saa tisa na begi la mtu wa kuhamia. Shemeji ni mkutubi. Hajawahi kupaza sauti maishani mwake. Hunong'ona, na wewe unajikuta umesimama wima. Ameniuliza kwa kunong'ona kama nina uhakika. Nimesema shemeji, mimi ni mpiga picha za pasipoti. Kutwa nzima nawatuliza watu wazima wenye haraka. Watoto wawili watanishinda?

Jino langu la nyuma kulia limeanza tena. Ni upepo tu. Nimetafunia kushoto.


Jumatatu, tarehe 5 Mei

Mkakati: tofi. Nimezificha mfuko wa shati. Mtoto akiiona tofi hufungua mdomo, mdomo ukifunguka nesi anapaka, tunarudi nyumbani.

Chumba cha nesi ni kidogo. Kuna kiti, benchi, picha ya ukutani ya mdomo mkubwa usio na mwenyewe, na taa yenye shingo ndefu kama zangu za studio. Nikajiona niko nyumbani. Koleo kaketi, kaiona tofi, kafungua mdomo wote. Nesi kawasha taa. Nami nikasogea mbele nimshikie mwanangu mdomo usijifunge.

Kap! Kidole gumba changu.

Tumejaribu mara tatu. Kila nikisogea, kap. Nesi ameiona tofi. Ameniuliza kwa upole sana kama nimemleta mtoto atibiwe au nimekuja kumtafutia yeye kazi ya kesho. Akasema mtoto asilazimishwe, nimrudishe siku nyingine, milango iko wazi hadi Ijumaa.

Shwari kapakwa kwa dakika mbili. Hakutikisika. Nesi akatoa maelekezo: leo ale vyakula laini, visiwe vya moto, asipigwe mswaki mpaka kesho asubuhi, na asishtuke mtu akiona meno yana umanjano, utaondoka kesho kwa mswaki. Nimesikia karibu yote. Kidole kilikuwa kinapwita, na jino nalo likakiitikia.

Sasa, kosa langu la leo ni dogo. Shemeji kaniuliza sebuleni kama wote wamepakwa. Mdomo wangu ukasema wote, kabla mimi sijaamua. Akanong'ona kwamba angependa kuona.

Nikamleta Shwari na utepe wake wa buluu. Shemeji kamwinua mdomo wa juu, kauona umanjano, kamgeuza kichwa huku na huku kama anayetafuta muhuri wa kitabu. Nikamrudisha Shwari jikoni, nikamvua utepe wa buluu, nikamfunga mwekundu, nikamleta tena. Nikasema, na huyu ndiye Koleo.

Shemeji kamwangalia. Kamgeuza kichwa tena. Akasema leo Koleo amekuwa mpole mno.

Nimeshinda. Zimebaki siku nne za kumpaka Koleo kimya kimya. Tofi nimezila mwenyewe, upande wa kushoto.


Jumanne, tarehe 6 Mei

Kumetokea tatizo la hesabu.

Jana baada ya ukaguzi nilirudisha tepe mahali pake. Hilo nalikumbuka. Kisha nikaogopa kwamba sikurudisha, nikarudisha. Kisha nadhani nikahakikisha. Ikiwa nilibadilisha mara mbili, mwekundu uko kwa Shwari. Ikiwa mara tatu, uko kwa Koleo. Ikiwa kule kuhakikisha nako nilibadilisha, basi sijui.

Nilitegemea umanjano. Nimeamka, nikaenda mbio bafuni. Shemeji alikuwa ameshawapiga mswaki wote wawili tangu saa kumi na mbili. Meno meupe, pande zote mbili.

Nimewaita kwa majina. Wameitika wote, kwa majina yote. Nimeingiza kidole mdomoni mwa mmoja, nikafumba macho. Hakuuma. Nikaingiza kwa mwingine. Naye hakuuma. Wamecheka, wakataka turudie.

Nikatafuta madoa. Nimeinua mdomo wa kwanza, nikainua wa pili. Doa jeupe juu ya jino jeupe mtu ataliona vipi? Aliyepanga ugonjwa huu uanze kwa rangi hiyo hakututendea haki.

Kisha nikakumbuka kwamba mmoja wao ana alama nyeusi nyuma ya sikio. Mke wangu huwatambua kwa hiyo. Nikampigia. Nikamuuliza kwa ujanja, kama mtu aliyeshikwa na hamu ya familia yake, ile alama iko nyuma ya sikio gani. Akasema la kushoto, yuko darasani, akakata. Nikafurahi sana. Nikaenda nikaiona alama, sikio la kushoto, kama alivyosema. Ndipo nikagundua sikumuuliza ni ya mtoto gani.

Siwezi kupiga tena. Mwanamke yule ukimuuliza swali la pili anakujua.

Kazini foleni ilifika mlangoni. Mdogo wangu kapita kuazima shati. Wateja wawili wamemsalimia kwa jina langu, na mmoja akamlalamikia kwamba masikio yake yametoka makubwa kwenye picha. Mdogo wangu akamwomba radhi bila kigugumizi. Watu wanasema tumetokana na kopo moja la rangi. Mwaka jana alikaa kwenye kikao cha wapangaji badala yangu, akachangia hoja, na hakuna aliyejua mpaka leo.

Mapacha wamekaa kwenye kibenchi chao cha kona ya studio, kama kila siku mchana, wakitazama watu wakipigwa picha.


Jumatano, tarehe 7 Mei

Ushindi! Naandika nikiwa nimesimama.

Nimeamua kuamini utepe. Nimemchukua mwenye mwekundu, peke yake, na kadi ya Koleo. Sikubeba tofi. Njiani nimemweleza faida za kuwa na meno. Amefika, amepanda kitini mwenyewe, taa imewashwa, nami nimesogea, na mtoto amefungua mdomo! Nesi akaitazama kadi, akamtazama mtoto, akanitazama mimi. Akauliza huyu ndiye yule wa Jumatatu. Nikasema mtoto hukua.

Akaangalia meno ya juu kwa muda mrefu. Akasema leo madoa hayaonekani vizuri. Nikamwambia hizo ni dalili njema. Akasema madoa hayaondoki kwa mazungumzo. Lakini mdomo ulikuwa wazi na foleni ilikuwa ndefu, akapaka, akaandika kwenye kadi ya Koleo: amepakwa.

Nimeibeba ile kadi mkononi hadi studio watu waione.


Jumatano hiyo hiyo, saa kumi

Si ushindi.

Nilitaka kumpigia mke wangu picha moja nzuri ya mabinti wanaotabasamu, meno nje, aikute akirudi. Wa kwanza kaketi, taa zimewaka, kanionyesha meno yote mpaka magego, bado yana umanjano wa asubuhi. Wa pili kaketi. Taa zimewaka. Kanyooka, kafunga mdomo kama sanduku. Nikabembeleza. Akazidi kufunga. Nikainua mdomo wa juu kwa kidole.

Kap!

Koleo. Amevaa utepe wa buluu.

Maana yake nimempaka Shwari Jumatatu. Na nimempaka Shwari leo. Koleo hajapata hata tone, na kadi yake inasema amepata. Nimeketi kwenye stuli ya wateja nikajitazama kwenye kioo wanachochania nywele. Mtu ambaye kazi yake ni nyuso. Hamjui mwanawe.


Alhamisi, tarehe 8 Mei

Sikula asubuhi. Mawazo, na jino pia. Itakuwaje Shwari amezidishiwa dawa? Nimemchungulia kila baada ya dakika tano. Ameomba chakula mara tatu. Sijui kama hiyo ni dalili.

Nimekwenda kwa nesi peke yangu. Nikasema nina rafiki. Rafiki huyo, kwa bahati mbaya, amempaka mtoto mmoja mara mbili katika wiki moja. Nesi aliacha kuandika. Akasema mwambie rafiki yako dawa inayopakwa ni kidogo sana, mara mbili haimdhuru mtoto, ila hii si rangi ya ukuta kwamba ukiongeza mkono wa pili inang'aa zaidi. Hurudiwa baada ya miezi mitatu au sita. Nikashusha pumzi mpaka karatasi zake zikapeperuka.

Nikauliza, na rafiki atawezaje kuyaona madoa? Akasema akaushe jino kwa kitambaa safi, asimame na mtoto dirishani, atazame karibu na ufizi. Yanaonekana kama mstari wa chaki.

Kisha akauliza kwa nini rafiki amevimba shavu.

Nilikuwa sijajua kwamba limevimba. Akaniketisha kwenye kile kiti cha watoto, magoti yakanifika masikioni. Akawasha taa. Akasema gego la chini kulia lina tundu ambalo angeweza kuhifadhia funguo. Nikamwambia ni upepo. Akasema basi upepo umejijengea nyumba. Ameniandikia kikaratasi cha kumwona daktari wa meno hospitali kuu, Jumatatu tarehe 12, saa tatu. Jina langu kwa herufi kubwa.

Nyumbani nimemchukua Koleo. Nimemjua kwa alama ya sikio. Sasa najua ni yake, maana nilimtazama mara tu aliponiuma jana. Nikamkausha meno kwa kitambaa, tukasimama dirishani. Hapakuwa na taa, akafungua mdomo vizuri tu.

Nimeyaona. Mistari miwili ya chaki kwenye meno mawili ya mbele, yale anayoyatoa nje akinipokea jioni. Niliogopa. Naandika hivyo kwa sababu hakuna anayesoma humu. Wiki nzima nimekimbizana na tepe, na yale madoa yalikuwa pale pale yakisubiri.

Kesho ndiyo siku ya mwisho.


Ijumaa, tarehe 9 Mei

Ugumu ulikuwa huu: kadi zote mbili zinasema tayari. Nesi hawezi kupaka kadi iliyopakwa. Kusema ukweli kungenilazimu nianzie Jumatatu, na nesi ana foleni. Kwa hiyo nimepanga: watoto wangu ni watatu. Huyu wa tatu alikuwa kwa bibi yake. Anafanana na wenzake, ndiyo, ndivyo walivyo. Nimemtafutia na jina. Asubuhi kabla ya kwenda kazini nimempiga Koleo picha mpya, utepe wa kijani, ili kadi itoke na ushahidi.

Nimefunga studio saa nne nimfuate Koleo nyumbani. Nyumba tupu. Hakuna Koleo, hakuna Shwari, hakuna shemeji. Nimekimbia hadi zahanati na utepe wa kijani mkononi.

Nimewakuta chumbani kwa nesi. Shemeji na nesi wameketi wakitazamana, magoti yamegusana. Koleo kalazwa kati yao, kichwa kwenye mapaja ya nesi, miguu kiunoni kwa shemeji. Taa imewaka. Na mdomo wa Koleo uko wazi! Nikafurahi kupita kiasi. Nikaingia nikisema mwanangu, hongera.

Kap!

Nesi akautoa mkono wake upesi. Safari hii alikuwa mwangalifu. Shemeji akanong'ona kwamba kabla sijasema lolote kuhusu mtoto wa tatu, nimsikilize wa kwanza. Sijui habari za wa tatu alizipataje. Nadhani niliacha jina lake juu ya meza.

Shemeji akamwambia Koleo mweleze Baba ulichonieleza jana. Koleo akanitazama kutoka chini, akasema, "Taa ikiwaka, Baba akisimama mbele, tunafunga mdomo. Tunatulia. Hatucheki. Si ulisema?"

Nikasema mimi sijawahi kusema hivyo. Halafu nikajisikia. Nasema hivyo mara sitini kwa siku. Funga mdomo, tulia, usicheke, tazama hapa. Na wao wameketi kwenye kibenchi chao wakisikiliza, mchana baada ya mchana. Huyu mtoto hajawahi kumuuma mtu kwa ukorofi. Taa imewaka, baba yake amesimama mbele, naye ametii. Vidole ndivyo vilivyokuwa mahali pabaya. Hata mwezi uliopita kwa nesi nilikuwepo, nilikuwa nimesimama pale pale.

Nesi akasema basi Baba atoke nje.

Nikatoka. Nimesimama kwenye korido karibu na ndoo ya maji, Shwari pembeni yangu. Nikamwambia Shwari akae kwenye benchi. Hakukaa. Nikamwambia asiguse ndoo. Akatia mkono mpaka kiwikoni. Miaka mitatu nimemsifu mtoto huyu kwa utulivu, kumbe hanisikilizi tu. Anayenisikiliza nilimwita Koleo.

Ndani nesi alikuwa anahesabu meno kwa sauti, moja, mawili, na Koleo anaitikia aaa. Dakika mbili. Zilikuwa ndefu, na macho yangu yalipata maji, huenda ni dawa wanayosafishia sakafu.

Alipotoka alinyoosha mdomo anionyeshe umanjano. Nikamwambia hujawahi kupendeza hivi, na lilikuwa neno la kweli.

Shemeji amenong'ona njiani kwamba alijua tangu Jumatatu. Alipomgeuza "Koleo" kichwa hakuona alama. Nikamuuliza mbona alinyamaza. Akasema mtu akiazima kitabu hupewa siku zake kabla ya kufuatwa nyumbani. Alinipa nne. Jana alipoona sirudishi, alikwenda kwa nesi akamweleza yote. Kadi ya Koleo imesahihishwa kwa kalamu nyekundu.


Jumamosi, tarehe 10 Mei

Mke wangu karudi. Kamkausha Koleo meno dirishani, kazitazama kadi, kauliza mstari mwekundu ni wa nini. Shemeji akanong'ona kwamba ni makosa ya uandishi, hutokea. Nikamtazama kwa shukrani. Akanitazama yeye kwa namna nyingine, akamkabidhi dada yake kile kikaratasi changu cha daktari wa meno. Nilikuwa nimekiweka ndani ya kamusi. Kumficha mkutubi kitu ndani ya kitabu.

Mke wangu amekibandika kwenye friji, juu ya maagizo. Amesema Jumatatu saa tatu atataka kuona muhuri wa daktari. Koleo akasema hakuna haja ya kuogopa, ni aaa tu. Shavu linapiga ngoma. Nimekubali mbele ya wote kwamba nitakwenda.


Jumapili, tarehe 11 Mei

Wiki ngumu, lakini imenifundisha. Nimekaa nikafikiri kwa makini.

Daktari wa hospitali kuu hajawahi kuniona. Mdogo wangu hajawahi kuwa na tundu hata moja, anafungua chupa kwa meno. Atapeleka kikaratasi, daktari atachungulia, hataona kitu, atapiga muhuri, suala litafungwa. Mdogo wangu amekubali, shati analo tayari. Kosa la wiki iliyopita lilikuwa utepe, na sisi hatuvai utepe.

Jino linauma mpaka jicho, lakini ni upepo.

Nimempa onyo moja tu: taa ikiwaka, asifunge mdomo. Mimi nitasubiri kwenye korido. Nesi mwenyewe ameshuhudia kwamba nikiwa nje kazi huenda vizuri.